Sampuli za Mbeya, tasnifu za Ulaya

Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina akiba kubwa ya gesi ya heliamu. Huku kwetu habari ile iliandikwa kama habari ya utajiri, na watu wakaanza kugawana mabilioni vichwani. Kilichopita kimyakimya ni kwamba miongoni mwa waliohusika kuwasilisha matokeo yale mbele ya wanajiokemia, wataalamu wa kemia ya miamba na ardhi, wa dunia alikuwepo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Durham. Ardhi ni ya Rukwa, tasnifu ni ya Durham.

Simlaumu mwanafunzi yule, kazi aliifanya. Ninachojiuliza kinatuhusu sisi. Kijana aliyekulia Vwawa au Sumbawanga, akasoma jiolojia, akamaliza na cheti kizuri tu, kwa nini bado anazunguka na bahasha yake akiuliza "skolashipu zinatoka lini"?

Jibu linalokuja haraka ni umaskini, na linalofuata ni upendeleo. Yote mawili yapo. Ila ipo sababu ya tatu ambayo tunaikwepa kwa kuwa inatudai kazi: tunaitafuta PhD, yaani uzamivu, yenye ufadhili kama anayesubiri sadaka mlangoni siku ya Ijumaa, wakati katika sayansi nafasi hiyo kwa kawaida ni kazi iliyo ndani ya mradi, yenye bajeti, yenye bosi na yenye tarehe ya kuanza. Asiyejua bajeti hiyo inaandikwaje atafika kila mara nafasi ikiwa imeshajazwa.

Tuangalie fedha inavyotembea. Profesa wa sayansi haanzi na mwanafunzi. Anaanza na swali, analiandikia andiko la kuomba fedha, analipeleka kwenye mfuko wa utafiti wa nchi yake au wa Umoja wa Ulaya, anasubiri miezi, na mara nyingi ananyimwa. Akipewa, ndani ya bajeti ile kuna mstari mmoja wa mtu wa miaka mitatu au minne. Hapo ndipo tangazo linapozaliwa. Mada imeshajulikana, muda umeshaanza kuhesabiwa, mfadhili anataka ripoti. Anachohitaji profesa ni mtu wa kuifanya kazi ile. Mwombaji anayemtumia andiko lake la kurasa kumi na tano juu ya jambo jingine kabisa hajibiwi, naye anabaki akidhani amebaguliwa.

Uholanzi na Sweden ndiko mfumo huu unakoonekana wazi kuliko kwingine. Huko mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mkataba, anakatwa kodi, ana likizo. Tangazo linawekwa kwenye ukurasa wa ajira wa chuo, pembeni ya tangazo la mhasibu na la fundi umeme. Wengi wetu hatuzioni nafasi hizi kwa sababu tunatafuta chini ya kichwa cha misaada ya masomo. Ujerumani inafanana nazo: vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada kwa wanafunzi wa uzamivu, na mkataba katika sayansi asilia mara nyingi unaandikwa asilimia 65 ya ajira kamili, ingawa saa za maabara hazijui asilimia. Kule pia inaruhusiwa kumwandikia msimamizi moja kwa moja bila kusubiri tangazo, au kuomba kupitia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, au kupitia shule za utafiti za taasisi za Max Planck ambazo huchukua kundi zima kwa mara moja.

Marekani ni ulimwengu mwingine. Unaomba kwa idara, inakaa kamati, na si lazima uwe na shahada ya uzamili. Jambo hili la mwisho naona halijaingia vichwani mwa wahitimu wetu. Kuna vijana wanaokopa, hata kuuza kiwanja, walipie uzamili kwa kuamini ndiyo ngazi ya lazima, wakati idara nyingi za biolojia, kemia na fizikia za Marekani zinapokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja, zinawalipia ada na kuwapa posho ya kujikimu kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Bei yake ni muda, kwani miaka mitano au zaidi ni kawaida. Madirisha mengi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye fedha asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Kuna ada ya maombi pia, ambayo ukituma sehemu sita inakuwa mshahara wa mwezi wa mwalimu. Andikia idara uombe usamehewe kabla ya kulipa. Nyingi zina utaratibu huo, ila hazipigi tarumbeta.

Uingereza ni mchanganyiko. Fedha za mabaraza ya utafiti ya serikali zimefunguliwa kwa wageni tangu 2021, lakini wageni kwa kawaida hawazidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa, kwa hiyo ushindani ni mkali. Skolashipu za Jumuiya ya Madola zina fungu la uzamivu kwa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, na lingine linalosahaulika: anayesoma PhD hapa nyumbani anaweza kulipiwa kipindi cha kwenda kufanya sehemu ya kazi katika maabara ya Uingereza.

Halafu kuna mitandao ya mafunzo ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, ambayo hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS. Haina sharti la uraia. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Mjerumani haombi kirahisi nafasi ya Ujerumani. Wewe wa Mbalizi unaomba zote. Ni mara chache sana kuishi Mbalizi kumekuwa sifa kwenye karatasi, basi na itumike.

Barani kwetu milango ipo, na naamini inadharauliwa kwa sababu haina theluji. Kituo cha icipe cha Nairobi kimekuwa kikifundisha watafiti wa uzamivu wa sayansi ya wadudu tangu 1983 kupitia programu ya ARPPIS. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, hulipia wanawake wa nchi kama yetu kusoma uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea, na msichana wa Njombe aliyesoma kemia ana nafasi bora zaidi huko kuliko kwenye msongamano wa Oxford. Mfuko wa RSIF nao unapeleka Waafrika kwenye vyuo teule vya Afrika, kisha unawapa muda katika maabara ya nje. Kwa walioajiriwa vyuoni, mradi wa HEET wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia umekuwa ukisomesha wahadhiri. Asiye mwajiriwa haumhusu sana.

Sasa turudi kwetu, maana ndiko kwenye neno ninalotaka kulisema kwa urefu.

Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa utafiti. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kina ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, kikishughulika na kifua kikuu, VVU na majaribio ya dawa na chanjo. Uyole kuna watafiti wa maharage na viazi. Upande wa Iringa, Idodi na Pawaga, mradi wa wanyama wala nyama ulioanzishwa na Amy Dickman wa Oxford mwaka 2009 umefanya vijiji vile vijulikane na wanabiolojia wa dunia. Mto Ruaha Mkuu, tangu ulipoanza kukauka kiangazi mwaka 1993, umewalisha wataalamu wa maji wa mataifa mengi kuliko ulivyowanywesha ng'ombe wa Usangu. Wafaransa wamechimbua tope la chini ya Ziwa Masoko, Rungwe, wasome historia ya mvua. Na kipunji, yule kima ambaye Wanyakyusa walimjua kwa jina kabla ya kitabu chochote, alionwa na wanasayansi mwaka 2003, akaandikwa kwenye jarida la Science mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika kwa miaka 83.

Kila mradi wa namna hii unaajiri vijana wetu. Wanaitwa wakusanya data, watafiti wasaidizi, mafundi wa maabara. Wanachukua makohozi ya wagonjwa, wanahesabu nyayo za simba, wanapima mche mmoja baada ya mwingine shambani. Baada ya miaka mitatu kijana wa namna hiyo anajua mambo ambayo profesa hayajui: anajua kijiji gani watu huficha idadi ya mifugo, friji gani ilizima umeme ulipokatika, swali gani la dodoso lilieleweka kombo kwa Kihehe. Huo ni ujuzi wa utafiti wa kiwango cha juu. Kisha anakaa kuandika wasifu wake, anaandika mstari mmoja: "Nilishiriki kukusanya data." Amejizika mwenyewe.

Mstari huo ungeweza kuwa: mradi uliuliza nini, data ilikuwa na kasoro gani, mimi niliigunduaje, tukabadilisha nini. Msomaji wa maombi huko Uppsala au Wageningen anatafuta hasa dalili hiyo, kwamba mtu huyu akikuta matokeo ya ajabu hatayafuta, atayafuatilia. Na kabla mkataba haujaisha, omba vitu viwili kwa anayekusimamia: kufundishwa uchambuzi wenyewe, kwa programu ya R au yoyote wanayotumia, na kuelezwa ni mchango gani utakaokupa haki ya jina lako kukaa kwenye makala itakayochapishwa. Ombi la pili linaogopesha. Vijana wetu wamelelewa wasimuulize mkubwa mambo ya haki yao, na wapo wakubwa wanaofurahia malezi hayo. Uliza kwa adabu, lakini uliza mwanzoni, maana orodha ya waandishi ikishapangwa huwa ngumu kuifungua.

Lawama isiishie kwa kijana. Mtafiti wa kigeni hafanyi utafiti nchini bila kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na katika kukitafuta anahitaji mshirika wa hapa. Mshirika huyo ni chuo chetu, kituo chetu, idara yetu. Kwa maneno mengine, kila mradi unaoingia milimani kwetu unapita kwanza mikononi mwa Mtanzania anayetia sahihi. Sahihi ile ina thamani, na nadhani tumezoea kuiuza kwa bei ya gari la mradi, kompyuta mbili na posho za semina. Wakati wa kuuliza "nafasi ya uzamivu ya Mtanzania iko kwenye mstari gani wa bajeti?" ni wakati andiko linaandikwa. Fedha ikishatoka, hata profesa mwenye moyo mzuri hana pa kuikata. Baadhi ya wafadhili wanataka hasa jambo hilo. Miradi inayolipiwa na EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika katika majaribio ya tiba ulioanza 2003, mara nyingi hubeba mafunzo ya uzamivu ndani yake. Palipoombwa, pamepatikana: Munich ina programu ya uzamivu ya afya ya kimataifa inayochukua watafiti wa nchi washirika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chuo cha Mkwawa, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, na hospitali zetu za rufaa wangeweza kuliweka swali hilo kwenye fomu ya ushirikiano, liulizwe kwa kila mgeni bila kujali ametoka chuo chenye jina gani.

Hapa lazima niweke breki. Ukisema sana "tumia mazingira ya kwenu", unamfunga kijana kamba ya pili. Mjerumani anaruhusiwa kusomea simba wa Ruaha, nyota za mbali au hisabati tupu, na hakuna anayemuuliza inawasaidiaje wanakijiji wa Bavaria. Mtoto wa Rungwe akitaka kusomea fizikia ya chembe ndogo anaulizwa, na wazungu na Waswahili wenzake, kwa nini asisome migomba. Mazingira ya nyumbani ni mlango rahisi wa kuingilia. Aliye na kichwa cha hisabati aombe hisabati, bila kujieleza.

Tuje kwenye barua, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Shuleni tulifundishwa barua moja ya kiofisi: anuani mbili, "YAH: MAOMBI YA NAFASI", kisha mimi ni Mtanzania mwenye umri huu, nimezaliwa familia ya hali ya chini, naomba kwa heshima na taadhima, natumaini ombi langu litakubaliwa. Barua ile iliandikiwa ofisi ya mkuu wa wilaya na huko inafanya kazi yake. Ukiihamishia kwenye baruapepe ya mtafiti wa Copenhagen, anaona mtu anayemwomba msaada, na yeye hana msaada, ana kazi. Aya ya kwanza na iwe ya sayansi. Kwa mfano: "Katika makala yenu ya mwaka jana mlionyesha kwamba aina fulani ya maharage inastahimili ukame kwenye udongo wa kichanga. Nimefanya kazi misimu miwili kwenye majaribio ya shambani hapa Uyole ambako udongo ni wa volkano, na tuliona mche uleule ukishindwa wiki ya sita. Ningependa kujua kama mna mpango wa kulipima jambo hili." Sentensi tatu. Amejua umesoma, umefanya, na unafikiri. Umaskini wa familia haukutajwa, na adabu haikuvunjwa. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona chuo chetu kikiwatahadharisha wahitimu nao. GPA yetu inahesabiwa kwa tano. Ukiandika "GPA 3.8" bila maelezo, Mmarekani anayehesabu kwa nne anakuona umekaribia kilele, halafu anafungua transkripti na kukuta kilele ni tano, anaanza kukutilia shaka. Mjerumani ni balaa zaidi, kwa sababu kwao 1.0 ndiyo alama ya juu na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kwa macho yake umeponea chupuchupu. Andika daima "3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na kama ulikuwa wa tatu darasani kati ya wanafunzi themanini, sema na muombe mhadhiri athibitishe.

Wahadhiri sasa. Barua ya mapendekezo ya kwetu husifu nidhamu: ni mtiifu, anawahi, ana uhusiano mzuri na wenzake. Anayeisoma nje anajiuliza huyu anatafuta kazi ya ulinzi? Barua inayosaidia inaeleza tukio, siku mwanafunzi alipokataa matokeo yaliyokuwa mazuri kupita kiasi akarudia jaribio. Wahadhiri wengi wangeweza kuiandika, ila wana mamia ya wanafunzi na hawakumbuki. Mpelekee karatasi moja yenye mambo manne au matano uliyoyafanya chini yake, na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa. Mkumbushe kwamba kiungo cha kupakia barua kitatumwa na chuo cha nje na huenda kikaangukia kwenye folda ya taka. Wapo wanaosema "andika mwenyewe, nitasaini". Naelewa uchovu wao, lakini ni utaratibu mbovu, na barua tatu zenye lugha moja zinajulikana mara moja.

Kuhusu mawakala wa pale mjini wanaodai ada ya "kushikilia nafasi": hakuna nafasi ya kweli inayoshikiliwa kwa M-Pesa. Mtihani wa Kiingereza nao usiukimbilie. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na barua hiyo ni ya bure au karibu na bure.

Kalenda inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwa madirisha ya Desemba, transkripti iombwe Mei, maana ofisi za usajili zina mwendo wake. Wahadhiri wafuatwe Juni, kabla mitihani haijaisha na wao kusambaa mikoani kukagua mazoezi ya kufundisha, hadi Tandahimba ambako simu hushika ukipanda mti. Julai na Agosti ni za kusoma makala na kuandikia watu. Na siku ya mwisho yenyewe, saa sita kasoro dakika moja usiku ya Berlin wakati wa baridi ni saa nane kasoro dakika moja usiku Mbeya, saa ambayo mtandao ni mzuri kweli, ila kama umeme umekatika Mwanjelwa nzima hakuna steshenari ya kukuskania cheti.